Leta ikikudai: karatasi inatembea vipi mpaka kufikia kadenasi

Hapa Lubumbashi, kwetu Kongo, mtu akikuambia "banafunga butiki ya yaya (dada mkubwa) kule Kamalondo", dakika tano haziishi kila mtu amekwisha kupata sababu yake, huyu anasema ni wivu wa jirani, yule anasema ajenti aliomba ya kunywa maji akanyimwa, mwingine anasema ni siasa. Inawezekana, sikatai, mambo hayo yapo. Lakini mara nyingi ukimwomba huyo yaya akuonyeshe makaratasi, utakuta ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya madaftari ya watoto, kuna barua tatu ama nne zenye muhuri, hakuzifungua, ama alizifungua akaona Kifaransa kirefu akazirudisha. Kadenasi, ile kufuli ya mlangoni, haikuanguka toka mbinguni. Ilikuja nyuma ya zile barua, moja moja, na kila moja ilikuwa na nguvu kupita ile iliyotangulia.

Basi tuzifuate hizo barua tuone zinatoka wapi, juu mtu akijua amefika kwenye barua gani anajua pia nini kinaweza kumpata na nini bado hakiwezi.

Kwanza Leta yenyewe, yaani serikali. Watu wanasema "Leta inanidai" kama vile Leta ina mfuko mmoja, kumbe mifuko ni mingi na haiulizani. Kuna DGI ya impo, yaani kodi. Kuna DGDA ya duane, yaani forodha. Kuna DGRAD ya zile feza zingine za taifa ambazo si impo wala duane, za ardhi, za mines, za mazingira, faini za mahakama. Hizo tatu ni za Kinshasa hata kama biro ziko hapa mjini. Halafu kuna ya jimbo, kwetu ni DRHKAT, ambayo inakuwepo tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015. Halafu mji, komini, na ile tiketi mama anayolipa sokoni kila asubuhi. Kando kuna CNSS ya pansheni, ambayo kwa kila mshahara inadai asilimia 18, yaani 5 upande wa mfanyakazi na 13 upande wa patro, yule mwenye kumwajiri.

Mimi naona fujo kubwa inaanzia hapo. Mtu amelipa vinyeti ya gari na impo ya parisela (kiwanja) kwa jimbo, ana vitansi vyake, yaani risiti, safi, anatembea kifua mbele, halafu DGI inamwandikia kuhusu faida ya biashara na yeye anapiga kelele "niliisha lipa!" Kweli alilipa, ila kwa mwingine. Vinyeti, impo ya parisela na impo ya feza za upangaji ni za jimbo, na orodha ya vitu ambavyo jimbo, mji na komini wanaruhusiwa kulipisha imeandikwa kwenye sheria, ile ya tarehe 13 Machi 2018 namba 18/004. Takse isiyo kwenye ile orodha haina miguu, hata kama ajenti amevaa jile ya kazi na ana kitabu cha risiti.

Sasa deni linazaliwa vipi. Kwa impo, mara nyingi ni wewe mwenyewe unalizaa. Mfumo wetu ni wa kujitangazia, unafanya deklarasio yako, unaandika umeuza kiasi gani, umepata faida gani, halafu unalipa kwa hesabu hiyo. TVA, ile impo inayoongezwa juu ya bei ya vitu, ambayo ni asilimia 16 na ilianza tarehe 1 Januari 2012, inatangazwa kila mwezi kabla ya tarehe 15. Impo ya faida inatangazwa mwisho tarehe 30 Aprili ya mwaka unaofuata. Wadogo nao wana njia yao tangu sheria ya mwaka 2013: mwenye mauzo yasiyofika milioni 10 za franka kwa mwaka aliwekewa kitita kimoja cha franka 50,000 kwa mwaka, na aliye juu ya hapo lakini hajafika milioni 80 akawekewa asilimia 1 ya mauzo kama anauza vitu, asilimia 2 kama anafanya kazi za huduma kama vile kusuka nywele ama kutengeneza telefone.

Na usipotangaza? Hapo njo watu wanaumia. Usipofanya deklarasio, DGI hairuhusiwi kukusahau, inakutoza yenyewe kwa makadirio, wanaangalia ukubwa wa butiki, mahali ilipo, bidhaa zilizojaa, wanaandika namba. Na kuanzia siku hiyo mzigo wa kuonyesha kwamba namba si ya kweli unahamia kwako. Si wao wanaotafuta ushahidi tena, ni wewe. Utawaonyesha nini kama hukuwa na daftari? Ndiyo maana watu wa kazi ya hesabu wanakuambia fanya deklarasio hata mwezi ambao hukuuza kitu, andika sifuri, peleka. Sifuri uliyoiandika wewe ina faida kuliko milioni iliyoandikwa na mwingine.

Kwa DGRAD mambo yana milango miwili na watu wengi hawajui. Mlango wa kwanza ni ile servisi inayokujua, tuseme ya ardhi, ama ya mines, ama ya mazingira. Hiyo inaona kwamba unadaiwa na inapiga hesabu. Lakini haina haki ya kukudai feza. Inapeleka faili DGRAD, DGRAD inachunguza, halafu inatoa karatasi inayoitwa noti ya persepsioni, hiyo sasa njo deni lenyewe. Na unailipa banki. Utaratibu huu umeandikwa kwenye sheria namba 13/003 ya tarehe 23 Februari 2013. Waliutenganisha hivyo kusudi anayepiga hesabu asiwe yule yule anayeagiza kulipa, na anayeagiza kulipa asishike makuta. Ukiona mtu mmoja amefanya zote tatu mbele yako, amepiga hesabu, ameandika, na ameweka feza mfukoni, fahamu mwenyewe ile feza inaenda wapi.

Tuseme deni limekwisha kuzaliwa na hulipi. Sheria ya msingi kwa impo ni ile namba 004/2003 ya tarehe 13 Machi 2003, na humo ngazi ni hii.

Inakuja kwanza AMR. Hiyo ni karatasi inayosema deni lako ni hili, la mwaka huu, la impo hii, na faini zake ni hizi, lipa kabla ya siku fulani. Watu wanaiona kama barua ya kawaida kumbe njo mama wa zote. Ukikaa kimya mbele ya AMR, yote yanayofuata yanasimama juu yake. Kama una la kupinga, wakati wa kupinga ni hapo, kwa maandishi, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Si kwenda kumwona mtu biro akakuambia "papa, tulia, nitapanga". Atapanga nini? Na usidhani kwamba barua ya malalamiko peke yake inasimamisha mashine, omba hapo hapo kwa maandishi kwamba kulipisha kusimame mpaka wajibu. Wakikukatalia ama wakinyamaza, kuna njia ya mahakama ya juu.

Siku zikipita, reseveri wa impo, yule mkuu wa kuikusanya, anasaini kontrenti, amri ya kulipisha kwa nguvu. Hapa naomba usimame kidogo kwa sababu hii njo siri ya mambo yote. Jirani yako akikukopa dola 500 akakataa kulipa, huwezi kwenda kubeba frigo yake. Lazima uende tribinali, uonyeshe karatasi, ushinde, upate hukumu, halafu umtafute wisie, yule mtu anayebeba karatasi za sheria na kukamata mali, ndipo frigo itoke. Inaweza kula mwaka. Leta haipiti huko. Kontrenti ambayo reseveri anasaini kwenye biro yake ina nguvu ya kutekelezwa kama vile hukumu, jaji hajaona faili hata siku moja. Leta inajidai yenyewe, inajiandikia yenyewe, inajitekelezea yenyewe. Jaji anaingia tu kama wewe umemwita.

Ni haki? Wenye kuitetea wanasema Leta ina watu mamilioni wa kudai, ikienda tribinali kwa kila mmoja mashule yatafungwa. Nawaelewa. Lakini nguvu kubwa namna hiyo mkononi mwa mtu mwenye mshahara mdogo na kalamu inaleta majaribu, tusidanganyane.

Kisha inakuja komandema, anailetea ajenti mwenye cheo cha wisie, inasema lipa ndani ya siku nane, la sivyo mali inakamatwa. Siku nane hizo zikiisha, sizi: wanaorodhesha vitu, gari, stoki, mashine, hata parisela kama deni ni kubwa, na visipokombolewa vinauzwa hadharani. Kando ya njia hiyo kuna ile ya kufunga mlango kwa muda na kubandika sele, ile karatasi yenye muhuri juu ya kadenasi. Kufunga mlango hakulipi deni moja kwa moja, ni kukubana tu, maana kila siku mlango ukifungwa unapoteza wateja na mtaa mzima unaona. Na tafadhali usivunje sele usiku eti unaenda kutoa tu friji ya samaki isioze. Kuvunja sele ni kosa la jinai, na hapo unatoka kwenye mambo ya impo unaingia kwenye mambo ya parke, ya mwendesha mashtaka.

Sasa, sizi na kadenasi ndizo watu wanazoogopa, lakini watu wa kazi hiyo wenyewe hawazipendi sana. Kukamata makochi na kuyauza ni kazi, ni aibu, ni ugomvi, na soko la vitu vya kukamatwa hapa kwetu si zuri, nani atanunua kitanda cha jirani? Chombo wanachokipenda ni kingine, hakina kelele hata kidogo, kinaitwa ATD.

ATD ni barua ambayo haiji kwako. Inaenda kwa mtu anayeshika feza yako. Inaenda banki yako. Inaenda kwa kampuni uliyoifanyia kazi na ina fakture yako haijalipwa. Inaenda kwa mpangaji wako. Inasema: huyu mtu tunamdai kiasi hiki, feza zake ulizonazo tulipe sisi, si yeye. Na yule aliyepokea hana uhuru wa kuchagua. Akikulipa wewe kwa siri, ama akisema hana kitu kumbe anacho, deni linamgeukia yeye, analipa kwa mfuko wake.

Chukua mfano, ni wa kubuni lakini watu wa sutretansi, wanaofanya kazi chini ya makampuni makubwa, wataujua. Una kampuni ndogo ya kupeleka wafanyakazi na chakula kwenye mine njia ya Kasumbalesa, ule mji wa mpakani na Zambia. Kampuni ya mine ina fakture yako ya dola 40,000, umengoja miezi mitatu. Leta inakudai dola 25,000 za impo ya mishahara uliyoikata kwa wafanyakazi na hukuipeleka (mchezo huo wengi wanaucheza, wanakata kwa mfanyakazi halafu wanaitumia kununua mafuta ya gari). Asubuhi moja unaenda kuuliza fakture, mhasibu wa mine anakuambia, "Papa, ya kwako inaisha kuenda. Bamelipa DGI elfu makumi mbili na tano, yako inabakia elfu kumi na tano." Hakuna aliyekuja kwako, hakuna kadenasi, hakuna jirani aliyeona kitu. Feza imetoka kabla haijakufikia. Ukitaka kujua kwa nini makampuni makubwa ya mine hapa wanawaomba wasutretanti wao makaratasi ya impo kila mara, moja ya sababu ni hii, hawataki kuamka na barua ya ATD mezani.

Kukamata feza pale inapokaa, kabla haijapita mkononi mwa mdaiwa, ni wazo la zamani na Leta imelijenga ndani ya mambo mengi bila sisi kuliita deni. Impo ya mshahara, patro anaikata kabla hujaona mshahara. Impo ya upangaji, kwa miaka mingi kiwango kilikuwa asilimia 22, na kampuni ikipanga nyumba yako ndiyo inayokata 20 kila mwezi inapeleka, wewe unabaki kumalizia zile 2. Mpangaji amegeuzwa mlipishaji wa Leta, hapati hata asante. Na Kasumbalesa njo shule yenyewe: DGDA karibu haihitaji kumfuata mtu nyumbani, bidhaa ndiyo rehani. Lori limesimama, deklarasio imeingia kwenye kompyuta, kwenye ile programu ya SYDONIA, lipa banki, upate ruhusa ya kutoa mzigo. Hukulipa, lori linalala, na kila usiku linapolala pale unalipa parkingi. Kati ya mifuko yote niliyoitaja, wenye kushika mzigo mkononi ndio wanaolala usingizi mzuri.

Hata mbele ya majitu makubwa mbinu haibadiliki, inakuwa kubwa tu. Mnakumbuka mambo ya Tenke Fungurume, ile mine kubwa ya shaba na kobalti? Gécamines, ambayo ni kampuni ya Leta, ilikuwa inadai kwamba CMOC ya Wachina haikutangaza akiba yote ya madini iliyo chini ya ardhi, kwa hiyo ililipa pungufu, kwani mkataba ulifunga malipo fulani kwenye kiasi cha akiba. Mwaka 2022 mambo yalifika tribinali hapa Lubumbashi, msimamizi wa muda akawekwa, na katikati ya mwaka huo shaba na kobalti ya Tenke ikazuiwa kutoka nchini. Siyo kukamata makochi tena, ni kufunga mlango wa nchi. Madini yakarundikana kule kule mine miezi na miezi. Aprili 2023 wakapatana: CMOC ikakubali kuilipa Gécamines dola milioni 800 kwa miaka sita, toka 2023 mpaka 2028, na gawio la dola bilioni 1.2 angalau kwa maisha yote ya mine. Ukiangalia vizuri kuna kila kitu cha mama wa Kamalondo pale: namba waliyobishania, mlango uliofungwa, na mwisho kulipa kidogo kidogo. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na maavoka wa kukaa mezani mwaka mzima.

Sasa geuza sahani. Wewe ndiye unaidai Leta.

Uliuzia biro fulani mafuta, ulijenga darasa, uliwapa magari ya kupanga. Ama una krediti ya TVA, yaani ulilipa TVA kwenye manunuzi kupita ile uliyokusanya, na sheria inasema Leta ikurudishie. Makampuni ya mine ya huku kwetu yamedai TVA hiyo mpaka ikafika mamia ya mamilioni ya dola, na wao ni wakubwa, wana kelele. Fikiria mwenye mashine ya kuchapisha karatasi aliyekopesha komini rimu hamsini.

Je, na wewe unaweza kutuma ATD? Hapana. Unaweza kwenda tribinali, unaweza hata kushinda, utapata hukumu nzuri yenye muhuri, halafu utafika kwenye ukuta. Kongo iko ndani ya OHADA, ule umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu Septemba 2012, na sheria ya OHADA kuhusu kulipisha madeni, kifungu cha 30, inasema mali ya Leta, ya majimbo na ya taasisi za umma kwa kawaida haikamatwi kwa nguvu. Hukamati gari la gavana, hukamati konti ya jimbo. Kuna dirisha dogo limeachwa: kama na wewe unadaiwa na mtu yule yule, na madeni yote mawili ni ya hakika, yana hesabu iliyofungwa na muda wake umefika, yanaweza kufutana. Makampuni mengi yanapigania hilo dirisha, "nafuta TVA yangu kwenye impo yako", na Leta inajibu kwamba deni lako bado halijakaguliwa, halijawa la hakika. Lako halijakaguliwa, la kwao limekaguliwa. Hapo hata mtakatifu anaweza kutukana.

Na watu wazima wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hawahitaji kuelezwa sana. Mwaka 2003 Gécamines ilikuwa na wafanyakazi ambao hawajalipwa miezi na miezi, na njia iliyopatikana ilikuwa zile "depa volontere", kuacha kazi kwa hiari, kwa feza ya Banki ya Dunia, watu zaidi ya 10,000 wakapokea kitita na kuondoka. Mpaka leo kuna wazee wanaopiga hesabu ya kile walichokuwa wanadai na kile walichopewa, na hesabu hazikutani.

Nimalizie upande huu kwa hadithi moja ambayo inahusu terili yetu, ule mlima mweusi wa uchafu wa shaba unaouona ukiingia mjini, na sijui kwa nini haisimuliwi mashuleni. Miaka ya 1980 Zaïre, ndiyo Kongo ya wakati ule, ilikopa kwa kampuni ya Yugoslavia, Energoinvest, kwa kazi za umeme na laini kubwa za kuusafirisha. Haikulipa. Mwaka 2003 waamuzi wa kimataifa wakasema Kongo inadaiwa. Mwaka uliofuata deni likauzwa, ndiyo, deni linauzwa kama gunia la bukari, likanunuliwa na mfuko wa Marekani unaoitwa FG Hemisphere. Kazi ya mifuko ya namna hiyo ni kununua madeni yaliyokufa kwa bei ya chini na kuyafufua. Riba ikaendelea kupanda mpaka likapita dola milioni 100.

FG walijua huwezi kukamata kitu cha Kongo ndani ya Kongo. Kwa hiyo wakafanya nini? Ile ile mbinu ya ATD: tafuta nani nje anashika feza ya mdaiwa wako. Wakaenda Hong Kong, juu makampuni ya China yalikuwa yanatakiwa kulipa Kongo feza za kuingia kwenye mkataba mkubwa wa mines na barabara, wakasema zile feza tulipeni sisi. Mwaka 2011 mahakama ya juu ya Hong Kong ikawakatalia, ikasema nchi nyingine haishitakiwi hapa hata kwa biashara. Wakati huo huo walikuwa pia Jersey, kisiwa kidogo karibu na Ufaransa, kwa nini Jersey? Kwa sababu kampuni inayomiliki kazi ya terili ya Lubumbashi, GTL, iliandikishwa kule, na Gécamines ilikuwa na asilimia 20 ndani yake. FG wakasema Gécamines na Leta ni mtu mmoja mwenye makoti mawili, basi hisa za Gécamines na feza ambazo GTL inailipa ziende kufuta deni la Leta. Na wakashinda! Majaji wa Jersey walikubali, mara mbili. Ingebaki hivyo, uchafu wetu wa shaba ungelipa laini za umeme za Mobutu kwa faida ya watu wa Marekani. Lakini kesi ikapanda mpaka London, kwa Privy Council, mahakama ya mwisho kwa kesi za Jersey, na Julai 2012 wakageuza: Gécamines ni ya Leta, lakini si Leta, ina mali yake, ina madeni yake, ina wafanyakazi wake, huwezi kuilipisha deni la mwenye nayo.

Mimi nilifurahi kwa ajili ya terili, lakini angalia, hoja hiyo ina ncha mbili. Kama Gécamines si Leta, basi aliyemuuzia Gécamines spea hawezi naye kwenda kudai kwa waziri.

Turudi chini, kwenye butiki. Ajenti akifika, mwombe orodre ya misio, ile karatasi inayomtuma, yenye jina lake, na usome kama jina lako na namba yako ya impo, ile NIF, ni zako kweli. Soma ni impo gani na ya mwaka gani. Barua yoyote ukiipokea, saini na uandike tarehe kwa mkono wako, maana siku zinahesabiwa toka pale, na usikubali kusaini karatasi yenye tarehe ya nyuma. Kukataa kuipokea hakukusaidii kitu, wataandika kwamba umekataa na siku zitahesabiwa vile vile. Lipa banki, chukua bordero, ile karatasi ya banki ya kuonyesha umelipa, rudi kuchukua kitansi, piga picha zote na telefone sababu wino wa zile karatasi unafutika kwa joto. Kama huwezi kulipa yote, andika kuomba kulipa kwa vipande, na uandike mapema, kabla ya komandema, maana kabla ya hapo unaongea na mtu wa biro na baada ya hapo unaongea na mtu mwenye haraka.

Na kuna wale wanaosema, acha, watasahau, mwaka wa tatu huu sijaona mtu. Inatokea. Faili zinalala, maajenti wanahamishwa, biro inahama. Halafu siku moja unataka kuingia kwenye soko la Leta, ujenge shule ama upeleke viti, wanakuomba cheti cha hali yako ya impo. Unaenda kukiomba kwa furaha, yule dada wa gishe anaandika NIF yako kwenye kompyuta, anasoma, anakuangalia, anasema, "Papa, ikala kwanza."